Kumtafuta Mama Noah kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Siku tano tu! Jumamosi lori linabeba vitu vyangu hapa Sotik, narudi nyumbani Ahero na pensheni yangu. Lakini sitoki kabla sijampata Mama Noah.

Tulipakana nyumba za laini, zile safu za wafanyakazi wa shamba la chai, mimi karani wa mizani, yeye mchuma chai. Mwaka 1991 nililazwa wiki tatu. Yeye ndiye aliyemnyonyesha Phelix wangu pamoja na Noah wake. Mama mkwe alipojua mjukuu wake amenyonya kwa mwanamke wa kabila jingine, akakataza jambo hilo kutajwa – milele. Phelix sasa ana miaka 34, hajui. Baadaye Mama Noah akahamishwa. Simu hatukuwa nazo.

Leo nimemwandikia Google: Habari ya asubuhi. Naitwa Loice Aluoch. Naomba unitafutie Mama Noah, tafadhali. Asante. Akaniletea safina, twiga wawili, na magari ya Noah ya kuuzwa! Phelix alicheka mpaka akakaa chini. Eti mathe – ndivyo anavyoniita mimi mama yake – hiyo ni mashine, si chifu.

Jumanne, 4 Novemba

Somo. Toa salamu. Maneno machache. Jina lifungie ndani ya alama za kunukuu lisikatwe vipande, kisha ongeza mahali.

Lakini jina gani? Kule laini kila mwanamke alikuwa mama fulani. Bahati nzuri mimi ndiye niliyekuwa naandika kilo zake: Tecla Chepngeno!

Nikabonyeza. Wakimbiaji! Medali, bendera, jasho. Hawa majirani zetu hawajui kutembea? Phelix akanionyesha alama ya kutoa: iweke mbele ya neno, na kurasa zenye neno hilo zinaondoka. Nikatoa marathon, nikatoa race, nikatoa athlete. Raha iliyoje! Ni kama kupepeta wimbi. Wakabaki Tecla watatu: mwalimu mdogo, mgombea udiwani, na marehemu. Huyo nilimsoma roho mkononi. Alikuwa nyanya wa Eldoret, miaka tisini. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Alhamisi, 6 Novemba

Hakuna kitu. Nimefunga sahani kwa magazeti. Phelix aliuliza huyu mama ni wa nini hivyo. Nikamwambia ashike kamba.

Ijumaa, 7 Novemba

NIMEMPATA!!

Asubuhi Phelix alisema niache kuandika ninayoyajua mimi, niwaze mwenye ukurasa angeandika nini kumhusu. Nikawaza huku namenya viazi. Kanisa? Maziwa? Halafu nikamwona Tecla akishuka mteremko na kikapu mgongoni, mbio, awe wa kwanza kwenye mizani, wenzake wakimtukana nyuma. Kila siku!

Mbio! Kumbe nimemfukuza mwenyewe kwa hiyo alama yangu. Loice, wewe ni mjinga wa kupewa cheti.

Nikarudisha race. Nikaongeza Kaplong, kwao, na neno grandmothers. Picha hiyo hapo: akina nyanya wakikimbia kuchangia paa la kanisa, na Tecla kati yao, namba kifuani, pengo la meno lile lile la ujana. Amemaliza wa pili! Chini palikuwa na simu ya mwandalizi, mzee Joab, naye akanipa ya Tecla.

"Loice wa mizani?" Alipiga nduru, sikio likauma. Halafu: "Na mtoto wetu?"

Nikasema anakusalimu. Uongo mtupu. Nimelia, nimecheka, viazi vimeungua. Anakuja kesho.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nimesimama jikoni. Lori limefika. Phelix na dereva walikuwa wamebeba kabati langu wakati Tecla aliingia langoni, raba miguuni. Nikafungua mikono – akanipita! Akaenda moja kwa moja, akamshika Phelix mashavu, na Phelix hawezi kuachilia kabati.

"Umekuwa mkubwa hivi! Wewe ulikuwa unamaliza yote, Noah anabaki akilia!"

Nikakimbilia huku, eti naleta chai. Niko na furaha na woga, sijui kipi zaidi. Nawasikia. Phelix ameuliza alimaliza nini. Tecla kacheka, kaanza kusema, kisha kamuuliza kama sijamwambia. Kabati limewekwa chini. Dereva anapiga honi.

Phelix ameita, "Mathe!"

Na Tecla ameitika kabla yangu.