Usifute Linux

Kitinda mimba wangu,

Usifute Linux. Najua asubuhi hii nilikuamuru uifute, mfumo huo uliouweka kwenye kompyuta yetu, tena kwa kelele. Achana na hilo.

Chai iko kwenye chupa. ~~Mkate mwachie kaka yako.~~ Mkate kula wewe, kaka yako atajijua.

Ulinieleza vizuri: matundu ya nyuma ya kompyuta yanasoma flashi, ya mbele hayasomi, tuangalie waya. Mimi nikang'ang'ana kuwa Linux yako ndiyo imeyaua. Ukarudi kulala umenuna.

Nikaandika mwenyewe ile amri uliyoibandika kwenye skrini, lsusb, ya kuorodhesha vilivyochomekwa. Flashi niliyoichomeka mbele haimo. Hapo nikakumbuka: Jumamosi nilifungua kompyuta nikaipangusa vumbi kwa brashi ya cherehani. Waya wa matundu ya mbele niliuchomoa mimi, nikasahau kuurudisha.

Nimezima, nimeuchomeka, nimewasha. Flashi hiyo hapo!

Nikachungulia ndani ya flashi yako, unisamehe. Kumbe magauni yote niliyoshona mwaka huu umeyapiga picha, moja moja. Hata lile la kijani nililolikosea mikono, umeliandika "zuri sana".

Hilo nalo usilifute.

Mama yako mkorofi