Mama Mkwe Ananisimamia Ninywe Chai ya Kardai

Mpendwa Dada Shaila, sasa hivi tu binti yangu Ovi ameingia ndani na mashavu mekundu kama bibi harusi, nikadhani amejikata, kumbe amechota maua ya kardai kwenye ungo ninapoyaanika, akayatafuna na mengine akajipaka, nikamtia kidole mdomoni kuyatoa huku nalia, naye anacheka, anamwiga mama mkwe, anasema, "Mama, mie bibi, nakunywa dawa." Hilo ndilo lililonishikisha kalamu, naomba unisaidie, moyo hautulii, nikikaa nasimama, nikisimama sijui nilisimama kwa nini.

Sisi ni wakulima wa huku Solapur, tunalima mtama, na kardai, ule mmea wa maua mekundu na mbegu za mafuta, tunaizungusha mpakani kwa ajili ya miiba yake, ili ng'ombe wa watu wasiingie. Mwaka huu Madam Ketaki wa kituo cha utafiti aliomba kipande cha shamba letu ajaribu kardai isiyo na miiba, mbegu zikamuliwe mafuta na maua yachumwe kwa mikono mitupu yakapimwe kama dawa. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. "Kardai bila miiba ni mbwa bila meno!" Na kweli, mbuzi wa jirani waliingia wakala mstari mzima. Lakini Madam aliposema chai ya maua yale wazee waliinywa tangu zamani kwa maumivu ya viungo na kusukuma damu, na kwamba wao bado wanaichunguza, mama mkwe akaiamini kuliko hata Madam mwenyewe. Anakunywa asubuhi na jioni, anasema magoti yametiwa mafuta. Nafurahi, simchukii, Dada, usinielewe vibaya, ndiye aliyembeba Ovi mgongoni nilipolala na homa.

Shida ni kwamba huu mwezi wa pili sijakaa pembeni. Kwetu mwanamke akiwa kwenye siku zake haingii jikoni wala hagusi mahali pa sala, kwa hiyo mama mkwe anayajua mambo yangu kabla yangu. Mwaka jana nilichelewa hivihivi, nikasema nina mimba, akagawa peremende za maziwa mtaa mzima, halafu damu ikaja. Mpaka leo pale bombani wananiuliza, "Mama Ovi, ule upepo umeshazaliwa?" Basi safari hii nimenyamaza, naye hataki hata kusikia neno mimba. "Damu yako imelala, mwanangu," ananiambia, "chai hii itaiamsha, ndipo utashika mimba ya kweli." Ananichemshia kikombe kila asubuhi, kwa mapenzi, na kipande cha sukari guru.

Lakini mimi nahisi, Dada. Kitunguu saumu kikigusa mafuta tu nakimbilia nje, kama nilivyokuwa kwa Ovi. Na siku ile wakulima walipokusanyika kwetu, nilikuwa nyuma ya mlango nambembeleza mtoto, nikamsikia Madam akisema mwenye mimba asiiguse chai hii, inaweza kushtua mji wa mimba. Mama mkwe hakusikia, alikuwa jikoni anawachemshia wageni chai! Nimekuwa naimwaga kwenye majivu akigeuka. Jana hakugeuka. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, "Maliza, nikuone," nikamaliza, kisha nikaenda nyuma ya zizi kujitapisha ikashindikana.

Mume wangu Vaijnath amekwenda kukata miwa, akipiga simu mama yake ndiye anayeishika. Nikisema kisha iwe upepo tena, nitaweka wapi uso? Nikinyamaza, nitamnywesha mwanangu chai ile? Kwa maana natumaini ni mtoto kweli, nimeshamchagulia hata jina, silitaji. Nataka tu kujua kile kikombe cha jana kimefanya nini, maana tangu jana najishika tumbo nasikiliza, kana kwamba, naam mama, nakuja, ananiita, chai inapoa, basi niambie tu kama

*

Mama Ovi, majina nimeyabadilisha yote hapa gazetini, usiogope. Barua yako umeituma haina mwisho, na najua uliitwa kwenye nini, kwa hiyo nimeitanguliza mbele ya zote.

Pole, mwanangu. Kisha nikugombeze. Kicheko cha bombani umekipa uzito kuliko tumbo lako! Hao wanaokucheka hawatakushika mkono damu ikitoka.

Kikombe kimoja, mimi si daktari, na atakayekuambia hakina neno au kimeshaharibu anabahatisha. Ukiona damu au tumbo likikukata, usingoje mtu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usipoona kitu, nenda hivyo hivyo. Mhudumu wa afya wa kijiji chenu ana kipimo cha mkojo. Ikiwa ni mimba, mshukuru Mungu. Ikiwa si mimba, miezi miwili bila siku zako ni kazi ya daktari, si ya birika. Huo si upepo wala aibu.

Sasa mama mkwe. Huyo hakuonei, anakupenda kwa dawa aliyoisikia nusu. Nusu ya pili mletee kwa mdomo anaouamini. Madam akija kupima maua, mshike mkono umwingize jikoni, usimwache uani na wanaume, umwambie, "Madam, rudia yale ya wenye mimba, mama yangu alikuwa anakuchemshia chai." Amweleze pia kwamba mzee anayetumia vidonge vya kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Na ule ungo upandishe darini, Ovi asiufikie.

Lakini Madam haji kesho, na kikombe kitakuja kesho. Usikimwage tena majivuni. Kiweke chini, umtazame, useme, "Mama, sinywi mpaka nipimwe." Atanuna. Mwache anune. Si yeye aliyesema kardai bila miiba ni mbwa bila meno? Wewe ndiwe mstari wa mpakani, na aliye ndani yako hawezi kujizungushia miiba mwenyewe.

Kisha mshike Ovi mkono, mtoke mwende ukapimwe kabla chai nyingine haijachemka.