Mahame Niliyoyaandika Pori

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu kifua kiwe kimekupa nafasi, na ule mguu ukubali kuvuka korongo. Mimi ni mzima wa mwili, joto la Dar es Salaam nimeshalizoea. Barua yako aliyokuandikia dada Marselina nimeipata. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Umeniuliza jambo moja tu. Trekta za shamba la ngano zimelima mahame yetu, pale tulipohama wakati wa kupelekwa kijijini ila tukaendelea kulima, hadi kwenye kaburi la mama. Mawe yamesombwa, hamjui tena amelala wapi. Ukasema: "Wewe unachora ramani za serikali. Tazama humo utuambie, tukaweke msalaba."

Baba, nimetazama. Ramani hiyo niliichora mimi.

Ilifika mezani kwangu mwaka jana, ya mipaka ya kata yetu. Nilipoliona Ziwa Basotu nilifurahi, nikawaita wenzangu, "Njooni mwone kwetu!" Jina la ziwa nililiandika kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Ila kwenye mahame yetu wapimaji walikuwa wameacha peupe. Nikamwambia mkubwa wangu, "Mzee, nadhani hapa pana wenyewe." Akajibu, "Mkutano wa kijiji ulifanyika. Mwenyekiti aliuliza eneo hili la nani, hakuna aliyesema kitu. Andika pori."

Nilijua kwa nini hakuna aliyesema. Mlikuwa mmejifungia ndani kwa mila yetu, mnatimiza miezi ya msiba wa mama. Hamwendi mkutanoni, hamlimi, majirani hawaji, na hata balozi wa nyumba kumi asingethubutu kuwaita. Nyasi ziliota shambani kwa sababu ya heshima, wao wakaona pori. Nilipaswa kusema, "Mzee, mama yangu yuko hapo." Niliona haya, baba. Ofisini wananihesabu msomi, nikaogopa watazicheka mila zetu. Nikachovya kalamu, nikaandika.

Juzi nilimwendea mkubwa wangu nikamweleza yote. Hakucheka. Akasema, "Ungesema siku ile, kijana. Sasa imeshachapwa na kusambazwa, na shamba la ngano limegawiwa kwa ramani hiyo."

Najua kwa rula umbali wa Basotu hadi Gehandu, na wa kwa mjomba kule Bashay hadi mlima Hanang. Alipolala mama sipajui. Nilifika mmeshazika, mmeshaingia ndani. Nilibisha hodi, nawe ukasema kwa nyuma ya mlango, "Rudi kazini, mwanangu. Ukiingia hutatoka mpaka miezi iishe, na kazi itakupotea." Nikageuka hapohapo. Nilikushukuru moyoni, na shukrani hiyo ndiyo inayoniuma leo.

Nisalimie dada Marselina, asiache kukuandikia. Msalimie mjomba wa Bashay, na shangazi aliyemwosha mama. Mwambie balozi simlaumu, alishika mila kuliko mimi. Ukipata nguvu, tembeeni na shangazi kwenye hiyo ngano kabla haijawa ndefu, huenda miguu yake ikakumbuka.

Nimeomba likizo ndefu, na wasiponipa nitakuja hivyo hivyo. Baba, safari hii nikibisha hodi usinirudishe. Nifungulie niingie, nikae msiba wa mama yangu.

Mwanao,
Paskali