Samli ya Viti vya Gari

Mjukuu wangu Elibariki,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Gendabi tu wazima, na shangazi yako sasa ni mwalimu mkuu. Akili hizo kazitoa kwangu.

Unauliza kama uliuze hilo gari la kifahari la Kiingereza, kwa kuwa viti vya ngozi vinapasuka na wenzako wanacheka. Usiuze! Enzi za mashamba ya ngano ya serikali, babu yako akiendesha trekta, tuliuza maksai wetu tukanunua gari kama hilo kwa meneja aliyekuwa akihama. Upepo wa kiangazi ukakausha viti. Fundi wa Katesh akasema, "Mama, ng'oa hivyo, weka vya plastiki."

"Ngozi ni ngozi," nikamjibu. "Nimelainisha ngozi tangu nikiwa binti."

Nikavipaka samli kila jioni, kama vazi langu la ngozi. Ndama wakawa wanaingia kuvilamba, na majirani wakiniuliza, "Mama, umeshalikamua gari lako leo?" Sikuacha. Siku ya harusi ya shangazi yako, hao hao waligombania kuvikalia viti hivyo.

Nimekutumia kopo la samli kwa basi. Paka kwa mkono wako mwenyewe. Anayecheka mwache acheke, ila nafasi ya nyuma mwekee.

Ni mimi bibi yako, mwenye gari.