Kwaresima Yako Isiyoisha

Tereza mdogo wangu,

Barua yako imefika. Masomo mazuri, walimu wazuri, hata baridi ya Tabora nzuri. Kuhusu chakula umeandika "nakula, usijali" mara mbili katika ukurasa mmoja. Mtu anayekula haandiki hivyo. Tangu juzi situlii, naunguza hata uji.

Nakumbuka mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa huku Magamba. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Kwaresima ilipoanza ukaacha nyama, kisha mboga, kisha ugali wa mchana. Katekista akakusifu mbele ya watu, baba akatembea wiki nzima kifua mbele. Pasaka ikafika, tukachinja kuku, wewe bado unafunga. Hakuna aliyejua. Baba alikula na wanaume barazani. Sisi na mama tulizunguka bakuli moja jikoni, na kwenye bakuli moja nani ajue tonge limeingia kinywa cha nani?

Mimi nilijua, maana macho yangu hayana adabu. Ulimega, ukakanda, ukachovya, halafu tonge likaishia kwa Ana, kitinda mimba wetu. Ana akanenepa kama ndama wa Wasukuma. Ulivaa sweta juani. Ulikwenda kisimani bila kutumwa, ukarudia. Ulipenda kupika, ukakaa kututazama tukila. Siku moja nikagawa ugali kwa mwiko, nikakuonyesha upande wako.

"Dada, unanikagua kama ng'ombe wa mnadani?"

"Ng'ombe angeshamaliza."

Mama akakupeleka zahanati. Wakauliza kama unaharisha, wakakupa dawa ya minyoo. Nadhani minyoo yenyewe ilishahama kwa njaa.

Kisha siku ile tukitwanga mpunga, nikakuuliza una nini. Ukasema taratibu, "Nikila najisikia kama nimeiba." Nikacheka. Nikasema, "Basi iba sana." Nawe ukacheka, na hukuniambia kitu tena. Nilihesabu matonge yote, mdogo wangu, lakini ugonjwa wenyewe uliponisemesha nikauruka kwa mzaha. Wakati wa mavuno ukaanza kula kidogo kidogo, nyumba nzima ikasema umepona. Sasa uko bweni, na sina wa kumuuliza.

Jumatatu napanda treni. Mama nimemdanganya nafuata kitenge. Siji kukagua sahani yako. Nataka uniambie lile jambo upya, toka mwanzo, na safari hii nitafunga mdomo mpaka umalize, kazi ambayo mama anasema siiwezi.

Dada yako mkubwa