Wewe Unaita Mara Moja

Papa Kitsa,

Visa imetoka. Naanza na hiyo kwa sababu najua ndiyo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya salamu, halafu ungejifanya hujali na kuendelea kukoroga maziwa. Ni ile ya kwenda Ujerumani kutafuta kazi: unapewa mwaka mmoja, ukipata wa kukuajiri kwa ufundi wako unabaki, ukikosa unarudi. Kwenye fomu, penye kazi, niliandika kwamba natengeneza jibini, hizi fromaji zetu za Kirolirwe, na kwamba nilifundishwa na wewe kwa miaka sita. Naondoka Jumatatu.

Tangu ulipokufa mambo yamebadilika. Wenye ng'ombe wengi wamehamisha mifugo kwa hofu ya vita, kwa hiyo maziwa yanafika kidogo, siku nyingine hayafiki. Rafu za juu za chumba cha fromaji ziko tupu. Aproni yako bado imetundikwa penye msumari wake, hakuna anayethubutu kuiondoa, hata mimi. Na wewe tulikuzika Karuba. Nisamehe kwa hilo. Dada yako, Mama Neema, alitaka urudishwe kwenu Walikale, akalia mpaka sauti ikamkauka, lakini barabara ilikuwa imefungwa na maiti haingoji.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, maana sipendi kuondoka nikiwa nimelificha.

Unakumbuka ulivyonipeleka Walikale kumwona mama yako? Tulikuwa tunatembea msituni, asubuhi, wewe mbele na kikapu cha fromaji, mimi nyuma nikilalamikia matope. Mtu akaniita. "Furaha." Sauti ya mwanamke, karibu kabisa, upande wa kushoto. Nilikuwa nafungua kinywa niitike, ukageuka na kuniziba kwa kiganja chako chenye ladha ya chumvi.

"Ngoja kwanza. Muntu muzima anaita mara mbili. Mufu, mara moja tu."

Tukangoja. Hakuna aliyeita tena. Ukaondoa mkono, ukaendelea kutembea na kunieleza kwa nini chumvi ya mawe ni mbaya kwa ganda la fromaji, kama kwamba hakuna kilichotokea. Mimi Mhunde wa Masisi, mtoto wa kanisa, nilikucheka njia nzima. Nilisema huko kwenu hata bundi wana sheria. Ulicheka kidogo tu puani.

Siku ya tatu baada ya kukuzika nilikuwa naosha vyombo mlangoni. Ukaniita kutoka chumba cha fromaji. "Furaha." Vilevile ulivyokuwa ukiniita ulipotaka brashi ya kusugulia fromaji, bila haraka, ukivuta ile *ha* ya mwisho. Maji yaliendelea kumwagika kwenye ndoo na mimi nimesimama. Nikangoja mara ya pili, Mungu wangu, nilivyoingoja. Haikuja. Nilipoingia, fromaji za rafu ya chini zilikuwa zimeshageuzwa, upande wenye unyevu ukiangalia juu. Mimi sikuwa nimezigusa. Labda niliwahi kuzigeuza mapema nikasahau, huzuni humchanganya mtu. Ndivyo nilivyojiambia.

Ukawa unaniita. Si kila siku. Mara asubuhi, mara mchana mvua ikinyesha, kila wakati mara moja. Sikuitika hata siku moja, Papa. Nilikuwa nang'ata kitambaa. Sikujua kama unanivuta nikufuate kaburini ama unataka brashi yako.

Mwishowe kungoja kukawa tabia. Mama yangu ilimbidi aniite mara mbili ndipo nije mezani, akauliza kama masikio yangu yameziba nta. Kanisani pasta alinitaja nisome Injili, nikabaki nimekaa mpaka jirani akanisukuma. Watu walicheka, nami nilicheka nao. Sikumwambia mtu yeyote.

Ndipo ikafika siku ya rendez-vous, miadi yangu ya visa kwenye ubalozi wa Ujerumani, Kigali. Nilikuwa nimejifunza Kijerumani kwenye simu mwaka mzima, nikiyarudia maneno mbele ya sufuria ya maziwa. Nilifika mapema, makaratasi yote mapajani, viatu vimefutwa. Kwenye spika juu ya mlango mwanamke alikuwa anaita majina, jina la mtu na la baba yake, aliyeitwa anainuka, anaingia. Kisha spika ikasema: "Furaha."

Jina la baba yangu halikutajwa. Na haikuwa sauti ya yule mwanamke. Ilikuwa yako, ukivuta *ha*.

Nikang'ata mtandio wangu, nikangoja mara ya pili. Wakaita mwingine, na mwingine. Nilipokwenda kuuliza, mlinzi alisema niliitwa, kwa jina langu na la baba yangu, na yule mwanamke wa kwenye spika, na sikuitika. Nirudi kuomba siku nyingine. Miezi minne, Papa. Miezi minne kwa sababu ya sheria yako ya msituni.

Nilikukasirikia sana. Nilikumbuka ulivyolala hospitalini, nilipokuambia nataka kwenda Ulaya, ukaangalia ukuta na kuuliza, "Na fromaji, nani atazigeuza?" Nikajiambia basi, hujakubali, unanishika mguu ukiwa kaburini. Kwa wiki nzima nilifanya kazi nikiwa nimeweka redio juu kabisa ili nisikusikie. Nilikutukana pia. Naona aibu kukuandikia hayo, lakini ulisikia, bila shaka.

Nilikwenda kwa Mama Neema. Ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza yote. Alikuwa anamenya maharage, hakushtuka, hakuacha kumenya. Nilimuuliza kwa nini unataka nife. Akaniangalia kama naongea ujinga.

"Mufu haombe umufuate. Tulimulaza mbali na kwao, hajue watu wake wako wapi. Njo maana anaita. Anauliza tu kama ukingali pale."

Nililia pale juu ya maharage yake. Miezi yote ile ulikuwa unauliza kama nipo, na mimi nanyamaza.

Mara ya pili Kigali sikungoja. Spika ilipofungua tu kinywa nilikuwa nimeshasimama, nikasema "Niko hapa" kwa sauti iliyowageuza watu wote. Nilikuwa nimeitwa na nani, sijui. Sikusubiri kusikia sauti ni ya nani. Bwana aliyenihoji ndani aliniuliza najuaje fromaji imeiva. Maneno ya Kijerumani yakanitoka kichwani yote, basi nikagonga meza yake kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio, kama ulivyonifundisha kugonga fromaji. Akacheka. Akagonga na yeye.

Tangu siku ile hujaniita tena. Hata mara moja.

Ndilo jambo linalonitisha kuliko yote. Asubuhi naingia, nasimama katikati ya rafu, nasikia matone ya maji ya maziwa tu. Fromaji zinabaki jinsi nilivyoziacha. Jana nilikwenda kukuaga. Nilisimama mbele ya aproni nikakuita, "Papa Kitsa." Kisha nikakuita tena, ili ujue ni mzima anayeita. Hakuna kitu. Fromaji nimemwachia Mama Neema azigeuze. Amejifunza haraka, ingawa anatia chumvi nyingi.

Nakuaga basi, Papa. Lala, hata kama ni Karuba. Barabara ikifunguka, Mama Neema atakupeleka kwenu, ameapa mbele yangu.

Na mimi nakuahidi jambo moja. Huko ninakokwenda watu wanaita mara moja tu, ofisini, kituoni, kazini, asiyeitika anapitwa. Kwa hiyo nitamwitika kila anayeniita, mara ya kwanza, bila kuuliza ni mzima ama ni mfu. Ukiwa ni wewe, usidhani nakuja. Nitakuwa nakujibu tu ulichouliza.

Furaha wako