Maji ya Kisima cha Kibugu

Kwa ndugu yangu Njue,

Habari za Denmark? Huku majani chai yamechipuka vizuri na ng'ombe amezaa.

Mwenzako wa utafiti, Angeline, alikuja tena kuchota maji ya kisima chetu, ili mlinganishe jinsi samadi inavyoingia kwenye maji ya ardhini, huku na huko kwenu, mwaka baada ya mwaka. Nilimpa chai akakataa. Akauliza, "Mtoto wako anakunywa maji gani?"

"Ya hapa. Kwani yana nini?"

"Njue hajakuambia? Samadi imeingia humo, si salama kwa mtoto mdogo."

Wewe unaniandikia habari za theluji tu. Ulijua? Nimefunga kisima, na mtoto namwombea maji ya mfereji kwa Gachoki, jirani yetu. Mama anakutetea, eti huwezi kutuficha jambo.

Nijibu mimi, si Mama.

Dada yako,
Rwamba